Maabara ya Kawempe inayopima vitu vya kunasa gesi: kasi wanayo, ila ujue unauliza nini

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza kwanza. Sampuli moja ya makaa au kitu kingine cha kuchuja gesi, ikipimwa kwa gesi kavu, ni shilingi 150,000 za Uganda. Ukitaka wapime tena gesi ikiwa na unyevu, inapanda hadi 400,000, na hapo usitegemee majibu ya siku hiyo hiyo. Pesa ya simu wanapokea, risiti wanatoa, na hawana ile tabia ya kukuongezea vijigharama mwishoni. Kwa mtu mwenye mtambo wa baiogesi aliyechoka kununua kila kitu kwa maneno matamu ya muuzaji, bei hiyo naiona ya haki. Jina lao silitaji kwa sababu nina malalamiko yangu hapa chini na bado tunafanya kazi pamoja. Mafundi wa baiogesi wa Kampala wanawajua, ukiuliza utaelekezwa.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu. Jeshini maisha yangu yalikuwa karakana, magari na jenereta, na Kiswahili hiki ninachoandika ndicho tulichofungulia nati. Sasa niko Bombo, kaskazini mwa Kampala. Mke wangu anafuga ng'ombe wa maziwa, mimi nashughulika na kinachotoka nyuma ya ng'ombe. Samadi inaingia kwenye mtambo, gesi inatoka, sehemu inapikia nyumbani, sehemu inaendesha jenereta ya kupoza maziwa. Shida ni kwamba gesi ya samadi si methani tupu. Methani huwa asilimia 50 hadi 70, kaboni dayoksaidi inachukua karibu yote iliyobaki, halafu kuna mvuke wa maji na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza. Hiyo iliyo ndogo ndiyo mharibifu. Ikichanganyika na unyevu ndani ya injini inakuwa asidi, inaingia kwenye oili, inatafuna bushi za shaba. Jenereta yangu ya kwanza nilipoifungua nilikuta bushi nyeusi tii na oili imeganda pembeni mwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Halafu likaja la pili. Wenye mikahawa ya Wobulenzi na shule moja ya jirani walitaka gesi kwenye mitungi. Kuijaza kwa shinikizo kubwa huku theluthi yake au zaidi ni kaboni dayoksaidi isiyowaka ni kuilipa kompresa ikubanie takataka. Na kabla sijaendelea, wale wanaojaza baiogesi kwenye mitungi ya gesi ya kupikia ya dukani waache. Gesi ile ya dukani hugeuka maji, yaani kimiminika, kwa shinikizo dogo, ndiyo maana mtungi mwepesi unaiweza. Methani haigeuki maji kwa shinikizo lolote mpaka uipoze chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri. Kwa hiyo methani ya kiasi cha maana huwekwa kwenye mitungi mizito ya shinikizo la bar 200 hivi. Mtungi wa jikoni haukutengenezewa kazi hiyo.

Sasa katika kutafuta cha kuichuja, kila fundi ana dawa yake. Mmoja ananiapia makaa. Mwingine anasema murram ya mlimani, ule udongo mwekundu, inatosha, Mzungu asikudanganye. Muuzaji mmoja mjini akanishikisha mfuko wa shanga za zeolaiti, kitu kama jiwe chenye matundu madogo mno ndani, aina ya 13X, akisema matundu yake yanapitisha kaboni dayoksaidi tu na methani inabaki nje. Hapo ndipo nikaona heri nilipe nipimiwe kuliko kuendelea na ubishi.

Maabara iko kando ya barabara ya Bombo, ghorofani, juu ya duka la mabomba ya maji. Ngazi ni kali na hakuna lifti. Mtaalamu aliyenihudumia ni binti wa kemia, mzaliwa wa Goma, na nilipomsikia tu anavyosema nikaacha kuhangaika na Kiingereza. Alipojua nilikuwa jeshini akaanza kuniita Afande, nami nikamwita mwanangu, kazi ikaenda.

Mashine yenyewe inakaa juu ya meza. Kuna kijumba cha chuma chenye kidirisha, na ndani yake kisahani kinachobeba unga au shanga kidogo kuliko zinavyojaa kwenye kizibo cha soda. Juu ya kisahani kuna kihisi cha infraredi kinachosoma joto la sampuli bila kuigusa. Kwanza wanapitisha naitrojeni mpaka joto litulie. Kisha binti anageuza vali na kaboni dayoksaidi inaingia. Kitu chochote kinachonasa gesi kwenye vinyweleo vyake hutoa joto papo hapo, kama chokaa iliyotoka tanuruni ikimwagiwa maji, ila hapa ni nyuzi chache tu. Kwenye skrini mstari unapanda, unafika kilele, unaanza kuteremka. Eneo lililo chini ya kilima hicho ndilo linaloonyesha kiasi kilichonaswa. Baada ya dakika chache anatoa kisahani, anaweka kingine. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Dresden, Ujerumani, ndio walioikuza mbinu hii ya kusoma joto ili kuchambua sampuli nyingi kwa muda mfupi.

Anayetaka kujua kwa nini haraka hiyo ni jambo kubwa aangalie njia ya siku zote. Ili kupima eneo la ndani la makaa au zeolaiti, unaitoa sampuli hewa na unyevu kwa pampu na moto, unaizamisha kwenye naitrojeni ya maji (iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika) yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, unaingiza gesi kidogo kidogo, na mwisho unapiga hesabu ya Brunauer, Emmett na Teller ya mwaka 1938. Sampuli moja inaweza kumaliza siku. Na naitrojeni ya maji hapa kwetu ni ile ile inayohifadhi mbegu za ng'ombe za uhimilishaji. Mke wangu anaujua msemo wa mtu wa mbegu: "Mama, mtungi umekauka, subiri wiki ijayo." Maabara hii inayo mashine hiyo ya pole pole pia, imefunikwa kitambaa, na binti aliniambia huiwasha kwa sampuli zilizofaulu mchujo wa haraka peke yake. Mpango huo nauunga mkono. Hakuna haja ya kupoteza naitrojeni kwa udongo ambao dakika chache zingetosha kuukataa.

Nilipeleka makaa ya kawaida ya gunia, makaa ya maganda ya kahawa niliyoyachoma mwenyewe kwenye pipa na kuyapitishia mvuke yakiwa bado mekundu, makaa ya dukani ya kusafishia maji, shanga za yule muuzaji, na murram ya nyuma ya nyumba.

Shanga ndizo zilizonionyesha kwamba hawa watu wanajua kazi. Kwenye jaribio la kwanza mstari haukupanda hata kidogo cha kuringia. Maabara ya uvivu ingeandika "haifai" na kunikabidhi karatasi. Binti aliinama, akamimina shanga chache kiganjani, akauliza, "Afande, hii mufuko ilikuwa wazi?" Nikamwambia mfuko ulishonwa kwa uzi tu, kama wa posho, ndivyo nilivyouziwa. Akatikisa kichwa. Zeolaiti ya aina hii hupenda maji kuliko kitu kingine chochote; ikikaa wazi kwenye hewa yetu ya masika inajaa unyevu mpaka hakuna nafasi ya gesi. Akaziweka kwenye tanuri dogo, nyuzi 300, naitrojeni ikipita juu yake usiku kucha. Kesho yake akanitumia picha ya skrini: kilima kirefu kuliko vyote. Kwa mahesabu yao, gramu 100 za shanga zilinasa karibu gramu 17 za kaboni dayoksaidi. Chini ya takwimu waliandika kwamba ni kwa shinikizo la Kampala, si la vitabuni. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ina shinikizo la asilimia 87 hivi ya ile ya Mombasa, na hilo linapunguza kidogo kinachonaswa. Mtu anayeandika hilo bila kuulizwa namwamini na mengine.

Na lile dai la muuzaji la matundu? Binti alilivunja kwa kalamu mbili. Tundu la 13X ni nanomita 0.74 hivi. Molekuli ya kaboni dayoksaidi ni 0.33, ya methani 0.38. Zote zinapita bila kuinama. Kinachoibakiza kaboni dayoksaidi ndani ni mvuto wa umeme: chaji zake zimegawanyika kwa namna ambayo ioni za sodiamu zilizo ndani ya zeolaiti huikamata kwa nguvu, na methani haina mgawanyiko wa aina hiyo. Shanga za ukoo huo huo ndizo ziko ndani ya mashine za oksijeni za hospitali, zikikamata naitrojeni ya hewani kwa sababu inayofanana. Muuzaji alikuwa anauza kitu kizuri kwa maelezo ya uongo, jambo la kawaida mjini.

Makaa ya dukani yalinasa kama nusu ya shanga. Ya maganda ya kahawa yalifuata nyuma kwa karibu, nikafurahi kimoyomoyo. Makaa ya gunia yalikuwa duni: hayo yamechomwa ili yawake, vinyweleo vyake havikufunguliwa na mvuke. Murram haikufanya lolote la kuonekana.

Hapa lipo jambo ambalo mteja lazima alijue, na karatasi yao ya majibu hailisemi vizuri. Mashine inasoma joto, haisomi gramu. Zeolaiti huishika kaboni dayoksaidi kwa nguvu zaidi kuliko makaa, kwa hiyo kwa kila molekuli inayonaswa hutoa joto zaidi, pengine karibu mara mbili. Vitu viwili vikinasa kiasi sawa, kinachoshika kwa nguvu kitaonekana bingwa. Ndiyo maana ni lazima kila ukoo wa vitu ulinganishwe na sampuli ya ukoo wake ambayo gramu zake zinajulikana tayari. Kwenye ripoti ya kwanza waliweka vilima vyote kwenye grafu moja, makaa na zeolaiti pamoja, bila onyo. Nilipouliza, binti akanionyesha jedwali lililokwisha kurekebishwa kwenye kompyuta yake. Liko pale, limepigwa vizuri, lakini mteja halipati mpaka aombe. Ombeni.

Kitu kilichonifurahisha zaidi kwenye huduma yote ni kile kinachokuja baada ya kilima, na wengi wanaondoka kabla hakijatokea. Binti anafunga kaboni dayoksaidi na kurudisha naitrojeni. Gesi iliyonaswa inaanza kutoka, na inapotoka inachukua joto, kwa hiyo mstari unazama chini ya pale ulipoanzia, unatengeneza bonde, kisha unarudi. Bonde la makaa yangu ya kahawa lilikuwa la ghafla, la kina, na likafungwa upesi: gesi yote ilitoka. La shanga lilikuwa refu na la kina kifupi, likijikokota mpaka binti akachoka akalikata. Shanga zilikuwa hazitaki kurudisha zilichoshika. Kwa mtu anayetaka kuendesha matangi mawili kwa zamu, moja linanasa wakati jingine linapumua kwa kushushiwa shinikizo, bonde ni muhimu kuliko kilima. Kinachobaki ndani ya shanga kila mzunguko ni nafasi ambayo hutaipata tena bila moto au pampu ya kunyonya. Kwa hiyo ule ubingwa wa zeolaiti, mbele ya macho yangu, ukapungua nusu.

Methani nayo waliipima, peke yake, kwa sampuli tatu bora. Kisha wakatumia hesabu ya Myers na Prausnitz ya mwaka 1965 kukisia mchanganyiko utakavyokuwa kutokana na vipimo vya gesi moja moja. Ni hesabu inayoheshimika, na inaokoa muda mwingi, lakini inachukulia kwamba gesi ni kavu.

Gesi yangu si kavu. Inatoka kwenye tope la nyuzi thelathini na kitu ikiwa imeshiba mvuke. Ndiyo maana nililipa zile 400,000, na nawashauri wenzangu mlipe. Haraka yote inaishia hapo, kwa sababu maji nayo yakinaswa hutoa joto, tena jingi, na mashine haijui joto la maji ni lipi na la kaboni ni lipi. Binti aliizunguka kwa uvumilivu: anaishibisha kwanza sampuli kwa naitrojeni iliyopitishwa kwenye chupa ya maji, anasubiri mpaka mstari ulale kabisa, ndipo anaingiza kaboni dayoksaidi yenye unyevu ule ule. Hivyo kilima kinachobaki ni cha kaboni peke yake. Shanga, malkia wa siku ya kwanza, zilitoa kilima kidogo hata kuliko makaa ya gunia. Makaa ya kahawa yaliyumba, hayakuanguka.

Mpangilio wa majibu ulipinduka, na mfuko wa shanga ulikuwa umeshaandikwa kwenye bajeti ya mke wangu. Kama ningechukua majibu makavu nikaenda dukani, ningelazimika kununua na kikaushio cha gesi mbele yake, ambacho hakuna muuzaji aliyekitaja.

Wakati tunasubiri mstari ulale alinionyesha kichupa cha unga wa buluu. Ni mojawapo ya vile vitu vipya vinavyoitwa MOF, vilivyowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2025: vifundo vya metali vilivyounganishwa kwa vijiti vya kaboni mpaka ndani pakawa patupu pa kuwekea gesi. Huu ulikuwa wa shaba. Aliupasha moto kwenye kisahani, na buluu ya anga ikageuka buluu nzito, karibu ya zambarau, maji yakitoka. Akaupulizia pumzi yake tu, pembeni pakaanza kurudi kwenye buluu ya anga. Kwa vitu kama hivi ndipo mchujo wa haraka una kazi kweli: wanakemia wanaweza kubuni maelfu, na haiwezekani kila mmoja ukae siku nzima kwenye naitrojeni ya maji. Nikauliza bei ya kilo. Akacheka, nami nikaacha.

Turudi kwa murram, maana imeonewa. Kwenye ripoti yao iko mkiani, na msomaji asiyejua ataitupa. Lakini mimi sikuwahi kuitegemea kwa kaboni dayoksaidi. Udongo wetu mwekundu umejaa oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma huimeza haidrojeni salfaidi kwa kemia: inageuka salfaidi ya chuma, nyekundu inakuwa nyeusi, na kinachotoka upande wa pili hakinuki. Mimi naiweka kwenye bomba pana la plastiki, iliyochekechwa na kuloweshwa kidogo, na nakagua kwa karatasi ya asetati ya risasi inayogeuka kahawia ikiguswa na gesi hiyo. Kabla ya bomba karatasi inageuka mara moja. Baada ya bomba inabaki nyeupe mpaka weusi wa udongo ufike juu. Pua msiiamini kwa kazi hii. Gesi hiyo ikizidi kiasi cha sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na mtu anadhani imekwisha kumbe iko tele. Na udongo uliokwisha kutumika msiutupe mkavu karibu na nyasi. Ukikutana na hewa hujirudisha kuwa kutu huku ukitoa joto, na ukiwa na chuma kingi unaweza kuwaka. Mwageni maji, mtandaze.

Maabara haipimi haidrojeni salfaidi kabisa. Hilo ni lalamiko langu la kwanza na kubwa. Wanasema hawana kabati la kunyonya hewa la kufaa gesi ya sumu namna hiyo, na kwenye jengo lenye duka chini na wapangaji juu nawaelewa. Lakini basi waandike kwa herufi kubwa mlangoni. Wateja wao wengi ni watu wa baiogesi, na kwa mwenye jenereta swali la kwanza ni salfaidi, si kaboni. Injini haijali kaboni dayoksaidi. Gesi yenye methani asilimia 60 inaiendesha bila kinyongo. Mwenye jenereta peke yake anaweza kulipa sampuli tano hapa, akarudi nyumbani na majibu sahihi kabisa ya swali ambalo si lake.

La pili ni ripoti. Kurasa nne za Kiingereza, grafu tupu, hakuna hata sentensi moja inayosema "kwa hali yako, anza na hiki." Maelezo yote ya maana niliyapata kwa mdomo. Binti akihama, huduma hiyo imehama naye. La tatu ni dogo: sampuli hawarudishi, na yale makaa ya kahawa nilikuwa nimebakiza machache.

Umeme ulikatika katikati ya jaribio moja. Betri zilishika kompyuta, lakini kipasha joto kilizimika, mstari ukaharibika. Walirudia bila kutoza, na bila mimi kuomba. Hilo naliweka upande wa sifa.

Upande huo huo naliweka shauri alilonipa mwishoni, ambalo liliwanyima pesa yangu. Nilikuwa nataka kuleta sampuli nyingine, aina mbili za makaa ya kununua. Akaniuliza kwa siku napata gesi kiasi gani na kisima kiko umbali gani. Nikamjibu. Akasema kwa kiasi hicho, na maji yapo, angalia maji kwanza kabla ya mawe. Yeye amekulia kando ya Ziwa Kivu, ambako chini ya maji kuna takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dayoksaidi zimeyeyuka pamoja, na ambako watoto hufundishwa kukwepa mazuku, yale mabonde ambayo kaboni dayoksaidi hulala chini na kuua mbuzi na mtu. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukivuta maji ya kina tangu 2016, unaacha gesi itoke, kisha unaiosha kwa maji mengine ili kaboni dayoksaidi ibaki kwenye maji na methani iende kwenye injini za megawati 26 hivi. Kaboni dayoksaidi huyeyuka kwenye maji zaidi ya mara 20 kuliko methani, na haidrojeni salfaidi huyeyuka hata zaidi. Mnara mmoja wa bomba, maji yanashuka, gesi inapanda kwa shinikizo, halafu maji yanapelekwa kupumulia mahali wazi pasipo na watu. Unyevu, ulioziua shanga zangu, hapo si adui tena.

Mnara huo naujenga sasa. Makaa ya kahawa yatakaa mwishoni, kusafisha kinachoponyoka, baada ya kukausha. Murram inabaki mwanzoni kama kawaida. Shanga ziko kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, na mwenye kikaushio anayezitaka tuongee.

Maabara nawapa nne kwa tano. Ya tano wataipata wakinunua lile kabati. Mtakaokwenda, pelekeni sampuli kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mkavu, si kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), na andikeni juu yake ilichomwaje na lini. Elezeni gesi yenu inatoka wapi na ina unyevu gani kabla hamjalipa. Ombeni jedwali lililorekebishwa na ombeni bonde, si kilima peke yake. Ijumaa wanafunga mapema, na simu ya mezani haipokelewi, tumieni WhatsApp.